Daka la O'Neal: wanne wanaokwenda mbali bila kuuacha mdundo

Katika toleo lililopita niliitaja, kwa aya moja fupi, albamu ya mpiga besi wa New York, William Parker, iitwayo O'Neal's Porch, ambayo aliirekodi mwaka 2000 akiwa na kikundi cha watu wanne, na nikaandika kwamba jazi huru ya namna hiyo haiko mbali na taksimu ya udi, yaani ule ubunifu wa udi ukiwa peke yake. Barua zilizofuata nyingine zimenifurahisha na nyingine zimenikemea, na karibu zote, ziwe zimetoka Lamu au Malindi, zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: inawezekanaje muziki uwe na mdundo unaomtikisa mtu kichwa, na wakati huo huo wapigaji wake wawe wanabuni papo kwa papo bila mpaka? Nimechagua barua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa sababu aliyeiandika amesema waziwazi yale ambayo wengine wameyazunguka.

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchonga milango hapa Langoni, Lamu. Mgeni mmoja aliyepanga chumba kwa shangazi yangu alinitilia albamu hiyo katika simu kabla hajaondoka, nami huiweka karakanani, simu ikiwa juu ya meza ya kazi. Mwanzoni tarumbeta na saksafoni hupiga pamoja wimbo mfupi ambao hata mwanafunzi wangu sasa anaupiga mbinja. Kisha hao wawili hutengana, saksafoni ikalia kama mtu anayegombana peke yake, na baada ya dakika nyingi hurudi kwenye wimbo ule ule kana kwamba hapakutokea kitu. Je, wamepotea wakapata njia, au mimi ndiye sina sikio? Mzee mmoja apitaye kwenda sokoni huniambia kila siku nizime kelele. Ningependa kuelewa kabla sijazima. (Fundi, Langoni)

JIBU: Wa alaykumu salaam, fundi. Hawakupotea, na sikio lako ni zima. Nimeisoma barua yako mara tatu, na jawabu nimelikuta katika maneno uliyoyaandika kwa kupita tu: unasikiliza kwa spika ya simu, na simu iko juu ya meza ambayo nyundo inagonga kutwa.

Kikundi hiki kina Lewis Barnes wa tarumbeta, Rob Brown wa saksafoni ya alto, Hamid Drake wa dramu, na Parker mwenyewe wa besi, ile fidla kubwa ya nyuzi nne ambayo mpigaji husimama nayo kama aliyemkumbatia mtu mzima. Hakuna piano wala gitaa. Uzi mnene kuliko wote wa besi hiyo hutetema kiasi cha mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu, kwa udogo wake, haiwezi kuisukuma hewa kwa mitetemo mizito namna hiyo. Kinachokufikia ni mkwaruzo wa juu wa uzi, sauti yenyewe ikiwa imebaki njiani. Ngoma kubwa ya dramu, ile inayopigwa kwa mguu, nayo hupotea vivyo hivyo. Kwa hiyo katika watu wanne wewe umekuwa ukiwasikia wawili na nusu, na wale wawili unaowasikia vizuri ndio hasa walioruhusiwa kwenda mbali. Wanaoushikilia muziki usianguke hujawahi kukutana nao.

Chukua mfano wa kirumbizi, mchezo wa fimbo ambao umeuona tangu utotoni. Zumari inalia, ngoma za chapuo na vumi zinajibizana, watu wamefanya duara, na wawili wanaingia na fimbo zao. Hakuna aliyewapangia pigo lipi litangulie na lipi lifuate. Mmoja huinua fimbo, mwenziwe hukinga, huzunguka, hujifanya amechoka, kisha hurusha pigo mahali ambapo hakuna aliyelitarajia, na watazamaji hupiga ukelele kwa sababu wameona kitu ambacho hakikuwapo dakika moja kabla. Lakini miguu yao haiiachi ngoma hata kidogo, na ngoma nayo haiwafuati wao. Inakwenda mwendo wake, na mwendo huo ndio unaomwezesha kila mmoja kujua mwenziwe yuko wapi. Sasa fikiria umesimama juu ya dari ya nyumba ya mbali, unaziona fimbo tu wala ngoma huisikii. Ungeshuka mbio ukaamue ugomvi. Yule mzee apitaye kwenda sokoni yuko juu ya dari hiyo, wala simlaumu.

Mdundo ninaousema hapa si kupiga tu kwa kufuata saa. Ni mzunguko: besi hupiga fungu fupi la sauti, pengine sauti tano au sita, likiisha hulianza tena, na kila linaporudi dramu hulipokea kwa namna iliyo tofauti kidogo, hata msikilizaji akawa anangojea kurudi kwake kwa mwili kabla ya kungojea kwa akili. Mpulizaji anayebuni juu ya mzunguko huo anaweza kukawia, kuwahi, kupanda mpaka sauti ikapasuka, au kunyamaza kabisa, na wewe hutapotea naye, kwa sababu mguu wako unajua mzunguko uko wapi.

Nawe uchongaye milango huhitaji kuelezwa jina la albamu, maana tukilitia katika lugha yetu ni daka la O'Neal. Unajua vyema kuliko mimi kwamba daka liko kati ya njia na mlango, na aketiye juu ya baraza yake hayumo ndani wala hayuko nje: anaamkiana na wapita njia, anaingia katika mazungumzo na kutoka, na mgongo wake umeegemea ukuta wa nyumba yake. Sijasoma popote kwamba Parker alikusudia jambo hili, lakini tangu nilipoijua maana ya jina hilo sijaweza kuusikia muziki wake kwa njia nyingine.

Sasa nikueleze uhuru wao ni wa kuachana na nini hasa, maana neno lenyewe limewapoteza wengi. Katika jazi ya miaka ya 1940 na 1950, mpulizaji alipobuni alibuni juu ya njia iliyokwisha kuchorwa. Piano ilipiga mafungu ya sauti, yaani sauti tatu au nne zilizobonyezwa kwa pamoja, kwa mfuatano maalumu ambao mara nyingi ulikuwa wa vipimo (yaani vigawanyo sawa vya mapigo) 12 au 32. Ukiisha, huanza upya, na mpulizaji alitakiwa achague sauti zinazopatana na fungu la wakati ule. Ornette Coleman, mpuliza saksafoni mzaliwa wa Fort Worth, Texas, ndiye aliyeuacha mfuatano huo mbele ya watu wote. Mwezi Mei 1959, akiwa na Don Cherry wa tarumbeta ndogo, Charlie Haden wa besi na Billy Higgins wa dramu, alirekodi huko Los Angeles albamu ya The Shape of Jazz to Come, bila piano, na Novemba mwaka huo huo wakaingia katika ukumbi wa Five Spot mjini New York, ambako wanamuziki waliokuja kuwasikiliza waligawanyika pande mbili, wengine wakisema jazi imefunguka na wengine wakisema mtu huyu hajui kupiga.

Waliomkataa hawakuzingatia alichokibakiza. Alikiacha kile kilichomfunga mpulizaji katika kuchagua sauti, na mdundo akaukumbatia, pamoja na kilio cha bluzi alichokulia nacho Texas. Usikilize wimbo wa kwanza wa albamu ile. Higgins anakwenda mbio juu ya toazi, Haden chini anavuta sauti nzito za polepole, na wapulizaji wawili wanaimba kitu kama maombolezo ambayo hayafuati mwendo wa yeyote kati ya hao wawili. Mambo matatu yanakwenda kwa kasi tatu, na hayagongani. Nimeusikiliza kwa zaidi ya miaka ishirini na bado mwili hunisisimka.

Baadaye wengine walikwenda mbali zaidi. Coleman mwenyewe, mwezi Desemba 1960, aliwaweka pamoja wapigaji wanane, yaani vikundi viwili vya watu wanne, wakabuni kwa takriban dakika 37 mfululizo. Mpiga dramu Sunny Murray naye, alipokuwa na mpuliza saksafoni Albert Ayler mwaka 1964, aliacha kabisa kuhesabu. Dramu zake huinuka na kushuka kama bahari ya kusi, unazisikia zikija lakini huwezi kuzipima. Parker ametoka katika shule hiyo, kwani katika miaka ya 1980 alikuwa besi wa mpiga piano Cecil Taylor, ambaye muziki wake ni mafuriko. Hivyo alipoamua mwaka 2000 kurudisha wimbo unaopigika mbinja na mdundo unaozunguka, hakuwa mtu aliyeogopa kina cha maji. Kwa maoni yangu alichagua lililo gumu zaidi, kwa maana palipo na mdundo imara kila kusitasita husikika, na mpulizaji asiye na la kusema hawezi kujificha nyuma ya kishindo.

Fanya hivi, fundi. Usiku, baada ya isha, tafuta vipokea sauti vya masikioni, vya bei yoyote, maadamu vinaziba sikio vizuri, kisha usikilize wimbo mmoja tu na uwaachilie mbali tarumbeta na saksafoni. Mfuate Parker peke yake mpaka uweze kuimba fungu lake kwa midomo iliyofungwa. Siku ya pili mfuate Drake, na hasa mkono wake ulio juu ya toazi. Siku ya tatu ndipo uwasikilize wapulizaji, na katikati ya ule ugomvi wa saksafoni mwambie mwanafunzi wako apige mbinja ule wimbo wa mwanzo kwa sauti ndogo. Mara nyingi mtaona unakaa sawasawa juu ya mdundo, kwa sababu nyumba haijahama. Aliyetoka ni mtu mmoja tu, na mlango haukufungwa nyuma yake. Sitakuficha kwamba si kila dakika ya albamu hii inafanikiwa. Kuna mahali ambapo mimi hutamani saksafoni ingenyamaza mapema zaidi. Lakini mtu anapobuni mbele yako huna budi kumpa nafasi ya kutafuta, kama wewe unavyoupa ubao nafasi ya kukuonyesha nyuzi zake kabla ya kushika patasi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kijana wa Malindi, napiga gitaa la besi katika bendi ya watu wanne inayotumbuiza watalii hotelini. Baada ya kusoma uliyoyaandika tulijaribu kupiga kwa uhuru: mimi na mpiga dramu tukashika mdundo, mpiga kinanda na mpuliza saksafoni wakaachiwa. Haikufika dakika mbili, mdundo ukaporomoka, kila mmoja akawa anamtazama mwenziwe, na meneja akaja kutuambia turudie nyimbo zinazojulikana. Tulikosea wapi? (Mpiga besi, Malindi)

JIBU: Ndugu yangu, nadhani nyinyi wawili wa chini mliwafuata wawili wa juu. Ni kosa la adabu njema: mpiga kinanda akienda kasi, besi inaona ni heshima kumsindikiza, akitoka nje ya sauti, besi nayo inatoka ili asionekane peke yake. Ndani ya nusu dakika hakuna aliyebaki nyumbani. Mpiga besi wa muziki huu anatakiwa awe na moyo wa kumwacha mwenziwe aende, huku akimsikiliza kila hatua.

Msikilize Jimmy Garrison katika kikundi cha watu wanne cha mpuliza saksafoni John Coltrane, kwenye ile albamu waliyoirekodi Desemba 1964, A Love Supreme. Sehemu ya kwanza imejengwa juu ya sauti nne tu za besi. Karibu na mwisho wake Coltrane anazichukua sauti hizo nne na kuzihamisha ngazi baada ya ngazi, mpaka amepita ngazi zote 12 za muziki, na mdundo hautetereki. Mtu mwenye mazoea ya nyimbo za kawaida angedhani amepotea, kumbe anaonyesha kwamba sauti zile nne zinaenea kila mahali. Huwezi kwenda safari kama hiyo ikiwa besi inakukimbilia.

Anzeni kwa kidogo. Chagua fungu la vipimo viwili, liwe rahisi kiasi cha kukuchosha, ulipige na dramu peke yenu kwa dakika kumi bila kulibadilisha. Uchovu huo ni wa lazima, kwa sababu baada yake ndipo mkono huanza kupata vijia vidogo vya ndani ambavyo hukuviona mwanzoni. Kisha mruhusuni mtu mmoja tu abuni, naye asivuke dakika mbili. Mpiga kinanda aondoe mkono wa kushoto kabisa. Hilo atalichukia, lakini mafungu ya sauti anayoyabonyeza ndiyo yanayomwambia kila mtu aende wapi, na ndiyo maana Coleman na Parker waliweka kikundi kisicho na piano. Mwisho, kubalianeni alama ya kurudi, iwe jicho, kuinua shingo ya gitaa, au pigo moja la toazi, ili anayebuni asiogope kwenda mbali kwa kutojua njia ya kurudia. Na mazoezi haya yawe nyumbani, si mbele ya watu wanaokula.

Mpiga dramu wenu naye amsikilize Hamid Drake, ambaye kwa hisia zangu ndiye moyo wa O'Neal's Porch. Alizaliwa Monroe, Louisiana, mwaka 1955, akakulia karibu na Chicago, na kabla ya kukutana na Parker alikuwa amepiga na Don Cherry yule yule wa kikundi cha Coleman, amepiga rege, amepiga pamoja na Foday Musa Suso, mpiga kora (ala ya nyuzi) wa Gambia, na hupiga pia ngoma ya mviringo ya kushikwa mkononi ambayo sisi tungeiita tari bila kusita. Hayo yote unayasikia anapokaa kwenye dramu: mkono mmoja unahesabu kijazi, mguu unatembea kirege, na hakuna anayemkwaza mwenziwe. Ikiwa hamwezi kumpata Drake, basi nendeni nje kidogo ya mji, mkasikilize kayamba katika ngoma za Wagiriama. Mwenye kuitikisa kayamba habadilishi mwendo kwa ajili ya mwimbaji, na mwimbaji hamwombi abadilishe.

SWALI: Mwanangu, nimekuwa nikisikiliza udi kabla hujazaliwa, na sikupendezwa na maneno yako kwamba kelele hizi ni kama taksimu. Mwenye kupiga taksimu ana maqamu yake. Anajua anaanza sauti gani, anapanda kwa njia gani, na anarudi wapi. Hatoki nje ya maqamu kwa kutaka tu. Ulinganisho wako umewavunjia heshima mafundi wetu. (Mzee wa Shela)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Naomba radhi kwa ulinganisho nilioutupa haraka, nao haukuwa sahihi. Barua yako imenikalisha chini wiki nzima, na nimefikia kuona kwamba mambo haya mawili ni kinyume, na kwamba kinyume hicho kinafunza zaidi kuliko mfanano nilioudai.

Katika taksimu mdundo ndio ulioachiliwa. Dumbak imenyamaza, tari imenyamaza, udi uko peke yake, na mpigaji anakawia kwenye sauti moja kadiri moyo wake unavyotaka, bila mtu kupiga kofi la kuhesabu. Lakini sauti zimefungwa: maqamu ni nyumba yenye vyumba vinavyojulikana, na fundi akihamia maqamu nyingine kwa ustadi, wasikilizaji hutikisa vichwa hasa kwa sababu wanajua ametoka chumba gani na ameingia kipi. Ndivyo nilivyomsikia marehemu Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, na sikuwahi kumsikia akipotea. Katika albamu ya Parker mambo yamegeuzwa: sauti ndizo zilizoachiliwa, na mdundo ndio uliofungwa. Kila upande umeacha kamba moja na kuishika nyingine kwa nguvu zaidi. Mpigaji wa taksimu akiviacha vyote viwili, maqamu na mizani, atakuwa hana pa kusimama. Na hao wa jazi huru walioviacha vyote viwili wanakuwa na kazi nzito mno ya kumfanya msikilizaji abaki nao, kazi ambayo wachache tu wameiweza.

Kama utaniruhusu nipendekeze, mzee wangu, iko santuri moja ambayo huenda isikukere. Ahmed Abdul-Malik alikuwa mpiga besi wa jazi, mzaliwa wa Brooklyn, aliyepiga na mpiga piano Thelonious Monk mwaka 1957 na 1958, naye alipiga udi pia. Mwaka 1958 alirekodi Jazz Sahara, ambamo udi, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), fidla na ngoma ya darbuka vimeketi pamoja na saksafoni ya Johnny Griffin. Kwa mawazo yangu saksafoni ndiyo iliyo mgeni mle ndani, na Griffin anajiheshimu kama mgeni anavyopaswa: anabuni, lakini anauliza ruhusa kwa kila hatua. Si jazi huru, na haina ukali wa akina Coleman. Lakini utasikia mtu wa miaka ile akitafuta namna ya kuviweka vitu viwili chini ya dari moja bila kukivunja kimoja, na ningefurahi sana kuisoma hukumu yako baada ya kuisikiliza.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Malindi. Nikitafuta jazi yenye mdundo na kubuni papo kwa papo nilikutana na albamu inayoitwa Mwandishi. Je, imepigwa na Waswahili? (Mwanafunzi, Malindi)

JIBU: La, mwanangu, imepigwa na Wamarekani, lakini jina halikuwekwa kwa bahati. Miaka ya 1960 Wamarekani weusi wengi walikuwa wakitafuta lugha ya Kiafrika ya kujitambulisha nayo, na Kiswahili ndicho kilichopendwa zaidi. Mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika mwezi Novemba 1960, na mwanzoni mwake utamsikia Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akisoma kwa Kiswahili shairi la Langston Hughes kuhusu uhuru, mwaka mmoja kabla ya nchi yake yenyewe kuupata. Mwaka 1969 mpiga dramu Albert Heath alirekodi albamu aliyoiita Kawaida, na humo yumo Don Cherry niliyekwisha kumtaja mara mbili leo, yumo pia mpiga piano Herbie Hancock.

Huyo Hancock ndiye Mwandishi. Kikundi alichorekodi nacho albamu hiyo ya 1971 kilikuwa cha watu sita, na kila mmoja alipewa jina la Kiswahili: Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali, Eddie Henderson, mpuliza tarumbeta ambaye pia alisomea udaktari, akawa Mganga, Bennie Maupin akawa Mwile, na Julian Priester akawa Pepo Mtoto. Waliozoea lugha hii tangu kuzaliwa wanaweza kutabasamu, lakini mimi naona kulikuwa na mapenzi ya kweli katika uchaguzi ule, na jina la Mchezaji kwa mtu wa besi ni zuri mno.

Na kwa kuwa umeuliza kuhusu mdundo, anza na wimbo wa kwanza, uliotolewa kwa heshima ya Angela Davis, mwanaharakati Mmarekani mweusi. Besi inarudia fungu moja tangu mwanzo, na juu yake kila mtu anakwenda anakotaka. Lakini fungu lenyewe si la mapigo manne wala manane ambayo mwili wako umezoea kuyacheza. Ni la mapigo 15. Chukua kalamu, gonga mezani, uhesabu polepole, na ukikosea mara ya kwanza anza tena kutoka kwenye ile sauti ya besi inayofungua mzunguko, kwa maana itarudi.